Je, wajua kwa nini kazi hukinaisha hata mshahara ukiwa umepanda?

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu kidogo. Mtu aliwekwa peke yake katika chumba kitupu kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Alichoachiwa ni kitufe kimoja, na akikibonyeza anapigwa shoti ya umeme. Watu waliohesabiwa walikuwa wameshaionja shoti hiyo na kusema wako tayari kulipa fedha ili wasiipate tena. Hata hivyo, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga wenyewe. Waliona afadhali maumivu kuliko kukaa bure.

Basi mtu aliyekaa miaka 12 kwenye kaunta ileile, mshahara unaingia kila tarehe 25, na bado kila Jumatatu anatamani kuandika barua ya kuacha kazi, asiitwe mtovu wa shukrani. Ubongo wake unadai kitu ambacho mshahara haukitoi.

Kitu chenyewe kilianza kuonekana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waendeshaji wa rada, waliofunzwa vizuri, walipitwa na alama za nyambizi kwenye skrini. Mtafiti Norman Mackworth akatengeneza saa isiyo na namba, ambayo mshale wake uliruka hatua moja kila sekunde na mara chache ukaruka hatua mbili. Kazi ya anayeitazama ilikuwa kuukamata mruko huo mrefu, kwa saa mbili. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1948, yalionyesha kuwa umakini hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Lakini aliyefanya nusu saa na kupumzika nusu saa kwa zamu hakushuka. Uvivu haukuwa sababu. Ubongo huacha kugharamia umakini pale ambapo karibu hakuna jipya la kukamata.

Kinachotokea kwa nusu saa mbele ya saa hiyo hutokea polepole zaidi katika ajira ndefu. Mwaka wa kwanza kila fomu na kila mteja anahitaji akili. Kadiri miaka inavyopita mikono huijua kazi, na akili hubaki haina la kufanya huku haina ruhusa ya kuondoka. John Eastwood na wenzake wa Kanada waliieleza hali hiyo vizuri mwaka 2012: aliyekinai anataka kushughulika na jambo lenye maana, ila umakini wake haupati pa kushika. Ndiyo maana waliokinai hawatulii. Hufungua simu, huenda chai mara tatu, hugombana na mwenzao kwa sababu ya feni.

Na nyongeza ya mshahara? Huizoea kama tulivyozoea umeme: tunauona ukikatika. Frederick Herzberg alisema jambo linalofanana na hilo mwaka 1968, kwamba malipo na kanuni za ofisi zikiwa mbovu huleta kero, na zikiwa nzuri huondoa kero tu, hali kinachomvuta mtu ni kazi yenyewe, wajibu na kukua. Wakosoaji wake walikuwa na hoja pia. Alitegemea masimulizi ya wafanyakazi, na binadamu hupenda kujisifu kwa mazuri na kulaumu ofisi kwa mabaya. Isitoshe, kwa anayelipwa chini ya mahitaji ya nyumba yake, fedha ndiyo tatizo la kwanza, na nadharia isubiri.

Chombo kinachofaa zaidi ni kile cha Richard Hackman na Greg Oldham cha miaka ya 1970. Wanataja mambo matano yanayoipa kazi uhai: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho wake, kuona inamsaidia nani, uhuru wa kuamua, na kupata majibu ya namna ulivyofanya. Keshia wa benki anapata majibu kila jioni, maana fedha za droo zinalingana na mfumo au hazilingani, lakini uhuru wake ni mdogo sana. Mwalimu ana maana tele ila majibu ya kweli humfikia kwa kuchelewa. Ofisa manunuzi wa halmashauri anaweza kupitisha karatasi za zahanati nzima bila kuiona zahanati. Wote watatu watasema "nimechoka na kazi hii," na kila mmoja amepungukiwa na kitu tofauti. Anayeacha kazi bila kujua kimepungua nini hukutana nacho tena mlango wa pili.

Hilo la mlango wa pili limepimwa. Wendy Boswell na wenzake, katika utafiti wa 2005 juu ya mameneja, walikuta ridhaa ya kazi hushuka kabla mtu hajahama, hupanda sana anapoingia kwa mwajiri mpya, kisha hushuka tena. Kazi mpya nayo ina fungate yake.

Kwa hiyo kabla ya uamuzi wowote, pima kwa siku 10 za kazi. Chukua daftari dogo, na kila baada ya saa mbili andika mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, kulikuwa na ugumu kiasi gani kuanzia 1 hadi 5, na ulitamani kuondoka kiasi gani kuanzia 1 hadi 5. Andika papo hapo. Ukisubiri jioni utaandika hasira ya jioni. Siku ya 10 tazama mistari yenye hamu kubwa ya kuondoka. Ikiwa ugumu wake ni 1 au 2, umekinai. Ikiwa ugumu ni 4 au 5, hujakinai, umezidiwa, na dawa yake ni kupunguziwa mzigo au kufundishwa. Na ikiwa hamu ya kuondoka inaruka kila anapotokea mtu fulani, basi shida ni huyo mtu, na kuhama idara kunaweza kutosha.

Kuna hali mbili zinazofanana na kukinai ambazo hazitibiwi kwa kubadili kazi peke yake. Uchovu mkali wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani liliuainisha upya mwaka 2019, una dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi tena chochote cha maana. Hali ya pili, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu, ni kubwa zaidi. Ukiona hata mpira, ibada au watoto haviku­furahishi, usingizi umeharibika, na hali inakaa sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali kwanza. Barua ya kuacha kazi isiandikwe ukiwa katika hali hiyo.

Kama daftari linasema umekinai, anza na kazi uliyonayo. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wasafishaji wa hospitali ambao baadhi yao waliifinyanga kazi yao wenyewe: walizungumza na wagonjwa, walipanga usafi kufuata ratiba ya wauguzi, wakajiona ni sehemu ya tiba. Cheo na malipo vilikuwa vilevile. Kwa keshia, kuifinyanga kunaweza kuwa kuomba kufundisha wapya au kushika mashauri ya miamala iliyokwama, kazi ambayo wengi huikimbia kwa sababu ina maswali. Ofisa manunuzi aombe kwenda kwenye ukaguzi wa mradi. Peleka ombi kwa meneja likiwa na saa na mwisho, kwa mfano saa tatu kwa wiki, miezi mitatu, kisha tathmini. Ombi la "naomba changamoto mpya" hujibiwa kwa kuongezewa kazi ileile.

Miezi mitatu ikipita na daftari likasoma vilevile, hapo fikiria kuhama. Badili mguu mmoja kwa wakati: ama aina ya kazi, ama sekta. Mhasibu wa kiwanda anayekwenda kuwa mhasibu wa hospitali anabeba ujuzi wote, na akiwa huko anaweza kuingia kwenye mifumo au utawala. Mhasibu anayeruka moja kwa moja kwenye ufugaji wa kuku anaanza na sifuri mbili, ujuzi na wateja. Kabla ya kulipa ada ya kozi, tumia likizo. Sheria ya Tanzania inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 10 za kukaa kando ya mtu anayefanya kazi unayoitamani zitakufundisha kuliko video. Muulize asubuhi yake ya kawaida inapita vipi, nini kinamkera, na mwaka wa kwanza aliingiza kiasi gani. Kama ujuzi tayari unao bila cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuupima na kuurasimisha.

Sasa fedha, ambako wengi hujikwaa. Kwa mtumishi wa Tanzania, pingu ya kwanza ni mkopo wa mshahara. Ukiacha kazi, marejesho hayaachi, kwa hiyo omba benki ikupe salio la kufunga mkopo kwa maandishi. Ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, lile kato la asilimia 15 ya mshahara wa msingi linageuka kuwa wajibu wako mwenyewe. Bima ya afya inayopitia kwa mwajiri nayo hukoma. Akiba ya miezi 6 ya matumizi ni ya chini kabisa, na kwa anayelipa kodi ya nyumba ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, kodi hiyo ihesabiwe kando.

Usitegemee mafao. Kiinua mgongo cha sheria, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka hadi miaka 10, hulipwa mwajiri anapokuachisha. Fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, nalo halimhusu aliyeacha mwenyewe. Kagua pia idadi ya michango: pensheni inahitaji miezi 180. Aliyefika 165 ana hesabu tofauti na aliyefika 40. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea michango ya waliojiajiri, kwa hiyo kuacha ajira hakulazimu kuacha kuchangia.

Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi katika sekta binafsi hutoa notisi isiyopungua siku 28, au zaidi kama mkataba unasema. Watumishi wa umma wasome Kanuni za Kudumu za utumishi wao. Ukiondoka bila kuitumikia notisi, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako. Katika barua andika tarehe ya mwisho ya kazi, siku za likizo ambazo hujazichukua, maana zinalipwa, na omba cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Peleka nakala mbili, na yako irudi ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe.