Nusu kaputi: hofu za mgonjwa na hofu za daktari

Mgonjwa anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji huwa na hofu mbili: kwamba ataropoka siri zake mbele ya wauguzi, na kwamba hataamka. Chai ya maziwa aliyokunywa kwa kujificha alfajiri haimo kabisa katika hofu zake. Daktari wa usingizi angeiweka ya kwanza. Yapo na maneno mengine yanayosemwa sana kuhusu nusu kaputi; tuyapime moja moja.

"Ni usingizi tu." Jina "dawa ya usingizi" linafaa kumtuliza mtoto. Lakini aliyelala ukimfinya huamka, ilhali aliye chini ya nusu kaputi hukatwa ngozi bila habari. Ubongo wake ukipimwa, mawimbi yake yanafanana zaidi na ya mtu aliye katika koma kuliko ya aliyelala. Mara nyingi hata pumzi huletwa na mashine, kupitia mpira uliopitishwa kooni. Ndiyo maana utaulizwa kuhusu meno ya bandia na jino linalocheza. Usione haya kulionyesha, kwa sababu chuma kinachotumika kufungua njia ya koo hakimbembelezi jino legevu.

"Chai kidogo haidhuru." Hapa sina mzaha. Dawa ikishakolea, koo huacha kazi yake ya ulinzi: mtu hakohoi wala hamezi. Kilichomo tumboni kikipanda, huteremkia mapafuni, na asidi ya tumbo huyaunguza. Kwa mtu mzima, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji, na maziwa huhesabiwa kama chakula. Kama umekula, sema. Upasuaji unaoweza kusubiri utaahirishwa, nawe utanuna. Wa dharura hausubiri, ila daktari akijua tumbo limejaa hubadili mbinu ya kukulaza. Vivyo hivyo pombe na sigara: mnywaji wa kila siku huenda akahitaji dawa zaidi, kwa hiyo taja kiasi unachokunywa kweli, si kile unachomwambia mkeo.

"Sindano ya mgongo inapoozesha." Hii ni ile ya kutia ganzi sehemu ya chini ya mwili. Ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na sehemu ya juu ya kiuno, sindano huchomwa chini ya hapo. Kupooza kwa sababu yake hutokea kwa nadra mno. Maumivu ya kichwa ndiyo yanayojulikana zaidi, maana maji yanayozunguka neva huweza kuvuja kupitia kitundu cha sindano. Hilo lilifahamika tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1898 huko Ujerumani, daktari August Bier na msaidizi wake Hildebrandt waliamua kujaribiana sindano hiyo wenyewe. Kwa Bier, bomba la dawa halikushikana vizuri na sindano, maji yakamvuja mengi. Hildebrandt akajitolea, ganzi ikashika, na Bier akampiga nyundo ya chuma kwenye ugoko na kumchoma kwa sigara. Hakuhisi kitu. Usiku wakajipongeza kwa mvinyo. Kilichofuata ni vichwa kuwauma wote wawili, na Bier alilala kitandani siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba zaidi, na sijasikia daktari anayezijaribu kwa nyundo.

"Unaweza kuzinduka katikati ya upasuaji." Hii si uzushi mtupu. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya takriban 19,000 waliopewa nusu kaputi aliripoti kuwa na fahamu wakati fulani. Kwa waliojifungua kwa upasuaji chini ya nusu kaputi ilikuwa 1 kati ya takriban 670. Wengi hawakusikia maumivu. Kinachotisha ni dawa ya kulegeza misuli: aliyezinduka hawezi hata kuinua kidole kuashiria. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo asinyamaze; amweleze daktari kabla ya upasuaji unaofuata.

"Anakuchoma sindano, kisha anaenda zake." Propofol, ile dawa ya kulaza iliyo nyeupe kama maziwa, huisha nguvu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usingizi huendelezwa kwa dawa ya mshipani au mvuke wa kuvutwa, huku mtaalamu akikaa kichwani pako akifuatilia mapigo ya moyo, presha, oksijeni na hewa unayotoa. Kuamka hutokana na yeye kusitisha dawa. Kwa mtu mwenye afya, kufa kwa sababu ya nusu kaputi peke yake ni nadra sana. Hatari hupanda kwa moyo mgonjwa, damu nyingi iliyopotea au upasuaji wa dharura.

Na zile siri? Mpira ukiwa umepita katikati ya nyuzi za sauti, hakuna anayeropoka. Wakati wa kuzinduka wapo wanaolia, wanaotetemeka kwa baridi, wanaotapika. Wengi husema jambo moja tu, tena kwa kulalamika kidogo: "Mbona hamjaanza?"