Kila sumu chini ya kiwango, na ndege kafa

Wavuvi wa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wakimwona mnandi, ndege mla samaki, kalala mchangani, swali ni lilelile: "Dokta, huyu kauawa na sumu gani?"

Majuzi nilimpasua mmoja. Mfupa wa kidari umechongoka kama ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, mafuta hakuna hata chembe, ini limevimba na linamomonyoka vidoleni. Majibu ya maabara: zebaki ipo, chini ya kiwango cha kuua. Kiuatilifu kipo, nacho chini ya kiwango. Basi kafa kwa nini?

Viwango hivyo hupimwa sumu moja moja. Ziwani hazimfikii moja moja. Zebaki ya wachenjua dhahabu hushuka na mito, bakteria wa kwenye tope huigeuza methili-zebaki, aina ya zebaki iliyo kali zaidi, nayo huongezeka kila samaki anapoliwa na mkubwa wake. Mashamba ya pamba yanaleta dawa za wadudu. Na Ghuba ya Mwanza ikiwa kijani, ule tunaouita mwani (kwa kweli ni bakteria) unaweza kutoa sumu iitwayo mikrosistini, inayoshambulia ini. Ini hilohilo ndilo linalotegemewa kuzivunja zile dawa za pamba.

Ini kuchangamka nako si salama kila mara. Malathioni, dawa ya wadudu, yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo huigeuza malaoksoni, inayovuruga mishipa ya fahamu. Uingereza, mwaka 1989, watafiti waliwapa kwale dawa ya ukungu iitwayo prokloraz kabla ya malathioni. Prokloraz iliamsha vimeng'enya vya ini, na malathioni ikawa kali kuliko ilivyo peke yake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mabata mwitu wa Marekani, 1998. Madume wengi waliolishwa methili-zebaki walipooza miguu. Walioongezewa madini yaitwayo seleniamu waliepuka balaa hilo. Ungedhani dawa imepatikana. Kumbe kwa majike, mchanganyiko uleule uliharibu uzazi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Halafu kuna njaa, ambayo haipimwi maabara. Sumu za jamii ya DDT, nazo dawa za wadudu, hujificha kwenye mafuta ya mwili. Samaki wakiadimika, mwili huyayeyusha mafuta, na akiba ya miezi mingi inamwagikia damu kwa mkupuo. Ndiyo maana kile kidari kilinishtua kuliko majibu ya maabara.

Fomu ina mstari mmoja tu wa "chanzo cha kifo". Niliandika mpaka pembeni mwa karatasi.