Mzee Anaposimama Njiani: Kuchunguza Mtiririko wa Damu Miguuni

Wazee wengi wanaofika kliniki yetu ya moyo na mishipa ya damu hawana malalamiko ya miguu. Wanakuja kwa ajili ya presha au kisukari, na wakiulizwa kama miguu inauma hujibu kwamba haiumi, nao husema kweli, kwa kuwa wameshaacha kutembea umbali ambao ungeifanya iume. Aliyekuwa akienda sokoni kwa mguu sasa anapanda bodaboda, aliyekuwa hakosi swala ya jamaa msikitini sasa anaswali nyumbani, na familia nzima, yeye mwenyewe akiwemo, imekwisha kuamua kuwa huo ni uzee. Ndiyo maana tunapenda kuanza na swali jingine: mwaka juzi ulikuwa unafika wapi kwa mguu, na leo unafika wapi?

Ugonjwa tunaoutafuta unatokana na kuziba polepole kwa ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuifikisha hadi nyayoni. Kwa miaka mingi mafuta, lehemu na chokaa hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo mpaka njia ikawa nyembamba. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita humtosha. Akianza kutembea, misuli ya shavu la mguu hudai damu nyingi kuliko inayoweza kupita, nayo hukaza na kuuma. Akisimama dakika chache maumivu hutulia, na akiendelea na safari hurudi baada ya umbali ule ule. Mstaafu mmoja wa miaka 71 alitueleza kwamba kila asubuhi husimama kwenye kibanda cha magazeti kusoma vichwa vya habari. Mwanawe aliyemsindikiza alicheka, akasema baba siku hizi husoma hata siku ambazo magazeti hayajaletwa.

Si kila mguu unaouma una tatizo hili. Goti lenye baridi yabisi huuma hata mtu anapoinuka kitini, na mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni hupata nafuu mtu anapoketi au kuinama, ilhali maumivu ya ateri hutulizwa na kusimama tu. Mishipa iliyovimba na kujipinda chini ya ngozi ni ya vena, inayorudisha damu moyoni, na hiyo ni habari nyingine.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa macho na vidole. Tunatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani, ingawa pigo la juu ya mguu halipatikani hata kwa baadhi ya watu wenye afya njema, hivyo kulikosa peke yake hakutoshi kumtisha mtu. Tunalinganisha joto la mguu mmoja na mwingine, tunaangalia vidonda kati ya vidole, na kwa ngozi nyeusi tunatazama unyayo, maana weupe unaotokea mguu unapoinuliwa juu kwa dakika moja hauonekani vizuri kwingineko.

Kipimo kinachoamua zaidi ni hesabu ya kugawanya, nacho hakina sindano wala maumivu. Mzee hulala chali na kupumzika kama dakika 10. Hufungwa mkanda wa presha kwenye mikono yote miwili, kisha juu ya kila kifundo cha mguu, na badala ya kusikiliza kwa mipira ya masikioni tunapaka jeli na kutumia kifaa kidogo cha dopla kinachotoa sauti ya damu ikipita. Namba ya juu ya presha iliyosomwa kifundoni hugawanywa kwa namba ya juu ya presha ya mkono. Kwa mstaafu wetu mkono wa kulia ulisoma 148 na wa kushoto 142, nasi huchukua ile kubwa. Kifundo cha kushoto kilisoma 130, sawa na uwiano wa 0.88. Cha kulia, upande wa shavu linalomsimamisha kibandani, kilisoma 96, yaani 0.65. Uwiano wa kawaida ni kati ya 1.00 na 1.40, ukiwa 0.90 au chini yake, mishipa imepungua njia. Miguu yake yote miwili ilikuwa na ugonjwa, na wa kushoto haukuwa umewahi kumuuma.

Hapa pana mtego mmoja ambao hata wahudumu wa afya hunaswa nao. Kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu au ugonjwa wa figo, ateri za kifundoni huweza kuwa ngumu kwa chokaa kiasi kwamba mkanda haubani vya kutosha, na uwiano ukatoka zaidi ya 1.40 huku damu haifiki vidoleni. Namba kubwa hiyo si salama. Mgonjwa huyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake midogo mara nyingi haijakakamaa.

Je, wazee wote wapimwe? Wataalamu hawajakubaliana. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataza kipimo hiki kwa watu wasio na dalili. Kwa upande mwingine, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2017, uliowaalika wanaume wa miaka 65 hadi 74 kupimwa ateri za miguu pamoja na mshipa mkuu wa tumboni na presha, ulionyesha vifo kupungua kidogo; lakini vipimo vilikuwa vitatu kwa mpigo, na haiwezekani kusema ni kipi kilichookoa. Maoni yangu ni kwamba mahali ambapo vifaa vya dopla ni vichache, tusipange foleni ya kijiji kizima. Tuanze na wenye miaka 65 na zaidi, wenye miaka 50 na kuendelea wanaovuta sigara au wenye kisukari, presha au lehemu nyingi, na yeyote mwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Sababu ya kuhangaika na miguu haiishii miguuni. Ateri zinazoziba mguuni mara nyingi zina wenzake moyoni na kichwani, na mtu mwenye uwiano wa chini ya 0.90 ana hatari ya kufa au kupata shambulio la moyo takriban mara mbili ya mwenye uwiano wa kawaida. Kwa hiyo mstaafu wetu aliondoka na dawa ya kushusha lehemu, asipirini, mpango wa kuacha sigara, na agizo lililomshangaza: kutembea. Anatakiwa atembee hadi maumivu yawe ya wastani, asimame yatulie, aendelee, kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Kibanda cha magazeti sasa ni sehemu ya tiba.

Kinachotukatisha tamaa zaidi ni maji ya moto. Mguu usiopata damu huwa baridi, na mtoto mwenye huruma humlowekea mzee miguu kwenye beseni. Ikiwa kisukari kimeshaua hisia za unyayo, ngozi huungua bila yeye kujua, na kidonda cha namna hiyo hupona kwa shida sana. Soksi zinatosha. Anayetawadha mara tano kwa siku ana nafasi tano za kutazama miguu yake, mradi akaushe kati ya vidole.

Maumivu yanayomwamsha mzee usiku mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda, au kidole kinachogeuka cheusi, hayasubiri tarehe ya kliniki. Mguu uliopoa ghafla, ukauma sana na kufa ganzi, ufikishwe hospitali saa ile ile. Kwa kipimo cha kawaida, mzee aje na suruali pana au kanga, asivute sigara kwa muda wa saa mbili kabla ya kipimo, na abebe dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile alizopewa na jirani.