Mfalme Karl XII hakuuawa na kifungo cha koti lake

Hii stori bado inazunguka, eti Karl XII wa Uswidi alipigwa na askari wake mwenyewe waliochoka na vita, tena kwa kifungo cha koti lake kilichogeuzwa risasi kwa sababu risasi za kawaida hazimpati. Inavutia sana, naelewa kwa nini watu wanaipenda, ila mifupa yake haisemi hivyo.

Huyu jamaa alipata ufalme 1697 akiwa na miaka 14 tu, na hakuwa mfalme wa kukaa ikulu, vitani alikuwa mbele kabisa, hata kwenye vita vya Poltava (Ukraine) dhidi ya Warusi 1709 alikuwa na jeraha mguuni akabebwa kwenye machela. Usiku wa 30 Novemba 1718, kwa kalenda yao ya zamani, alikuwa kwenye handaki akiizingira ngome ya Fredriksten huko Norwei, akainua kichwa kuchungulia, chuma kikapita kichwani toka upande mmoja mpaka wa pili.

Kaburi lilifunguliwa 1746, 1799, 1859 na 1917. Kifungo kinachodaiwa kuwa ndicho kilikuja kuokotwa 1924, ni cha shaba kilichojazwa madini ya risasi ndani. Sasa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walifanya majaribio ya kupiga mafuvu ya kuundwa, wakaona tundu linaendana zaidi na gololi ya chuma ya zaidi ya milimita 20, iliyoingilia kushoto. Gololi za hivyo zilikuwa zinamwagwa na mizinga ya ngome, kwa hiyo mimi naona alipigwa na adui tu.