Meno Yaliyopishana: Mtoto Aanze Matibabu Lini, na Je, Mtu Mzima Amechelewa?

Katika kliniki za kinywa na meno mkoani Tabora, swali la meno yaliyopangana vibaya huletwa na watu wa aina mbili. Wapo wazazi wa watoto wa miaka saba au minane wanaotaka meno yanyooshwe mara moja, na wapo watu wazima wanaoamini kwamba muda wao umekwisha kupita. Wote wanachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, yaani wakati wa kuchunguzwa na wakati wa kuanza matibabu. Uchunguzi ufanyike mapema, mtoto anapofikia miaka 7 hivi. Matibabu ya kufungwa nyaya za kunyoosha meno, kwa watoto walio wengi, husubiri hadi kati ya miaka 11 na 13. Kwa mtu mzima mwenye fizi zenye afya, hakuna umri wa mwisho.

Umri huo wa miaka 7 una sababu yake. Mtoto huwa na meno 20 ya utoto, na anapokaribia miaka 6 magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma ya hayo yote pasipo jino lolote kung'oka, kiasi kwamba wazazi wengi huyadhani kuwa ya utoto na kuyaacha yaoze. Mwaka mmoja baadaye magego hayo na baadhi ya meno ya mbele ya ukubwani huwa yamekwisha kuota, hivyo daktari anaweza kuona jinsi taya la juu na la chini yanavyokutana na kukadiria kama nafasi itayatosha meno yanayokuja. Mara nyingi atasema tusubiri. Jibu hilo nalo ni huduma kamili, na mzazi aliyesafiri kutoka Sikonge au Kaliua asione kwamba amekwenda bure.

Hofu nyingine za umri huu hazina msingi. Meno ya mbele ya chini huweza kuota nyuma ya yale ya utoto, yakaonekana kama mistari miwili. Ikiwa jino la utoto linalegea, kwa kawaida litatoka, na ulimi utalisukuma jipya mbele taratibu. Likibaki imara kwa miezi kadhaa, ndipo liangaliwe. Vivyo hivyo, mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu ni wa kawaida kwa mtoto wa miaka 8, na aghalabu hupungua au kuziba chonge za ukubwani zinapoota, karibu na miaka 11 au 12. Kumfunga nyaya mtoto huyo ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Yapo hata hivyo matatizo machache yasiyostahili kusubiri. Jino la mbele la juu likiingia nyuma ya lile la chini mtoto anapouma meno, mgongano huo hulila jino na kuushusha ufizi wa jino la chini. Taya likikwepea upande mmoja kila anapofunga kinywa, linaweza kuendelea kukua likiwa limeegemea upande huo. Taya la juu lililobaki nyuma huvutwa mbele kwa urahisi zaidi kabla ya miaka 10. Kunyonya kidole kunakoendelea baada ya miaka 4 kunapaswa kukomeshwa kwa upole kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kuota. Ama meno ya juu yaliyochomoza sana, kuyatibu mapema hakuleti matokeo bora zaidi ya kuyatibu wakati wa balehe. Faida yake iliyothibitika ni kupunguza hatari ya meno hayo kuvunjika mtoto anapoanguka.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote, kwa kuwa familia inaweza kulizuia bila nyaya yoyote, ni magego ya utoto kung'olewa kabla ya wakati kwa sababu ya kuoza. Magego hayo hushikilia nafasi hadi miaka 10 au 12. Yakitoka mapema, gego la ukubwani husogea mbele, na jino linalofuata hukosa pa kuotea. Kwa hiyo jino la utoto lenye tundu dogo lizibwe, na likilazimika kung'olewa, mzazi aulize kuhusu kifaa cha kutunza nafasi. Zaidi ya hayo, desturi ya kuwang'oa watoto wachanga vijichonge kwa madai kwamba ni "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara ni hatari kwa uhai wa mtoto, na huweza kuziharibu chonge za ukubwani zinazojijenga ndani ya taya.

Kuhusu watu wazima, wengi hujikatisha tamaa kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Kwa mifupa ya taya methali hiyo ina ukweli, maana taya lililokwisha kukua haliongozwi tena kwa vifaa, na tofauti kubwa kati ya mataya huhitaji upasuaji. Meno yenyewe husogea katika umri wowote, kwa kuwa mfupa unaolizunguka jino huyeyuka upande unaokandamizwa na kujengeka upande wa pili, kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa mwezi. Sharti ni fizi: zikiwa zinatoka damu au meno yanalegea, zitibiwe kwanza, la sivyo nyaya zitaharakisha kupotea kwa mfupa. Mwanya ambao mwenyewe anaupenda hauhitaji tiba. Anayetaka kuuziba asifunge mpira wa kawaida kwenye meno, kwani huteleza chini ya ufizi, ukaharibu mfupa na hata kuyatoa meno yaliyokuwa mazima.

Kwa familia za mkoa huu, tarehe ya kuanza hutegemea pia safari na shule. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, ilhali nyaya hukaguliwa kila baada ya wiki 4 hadi 8 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi. Mtoto akifungwa nyaya akiwa darasa la saba, kisha Januari akaenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya mbali, nyaya hizo hukosa wa kuzikagua, mabaki ya chakula hujikusanya, na meno huoza yakiwa yamefungwa. Ni heri aanze mwaka mmoja baadaye mahali atakapoweza kuhudhuria. Kabla ya kuanza, mzazi aulize gharama yote hadi nyaya zitakapotolewa, pamoja na kile kifaa cha kuvaliwa baadaye ili meno yasirudi yalikotoka. Aulize pia kama bima yake inahusika. Kisha achukue barua ya rufaa kutoka kliniki ya karibu, pamoja na picha za eksirei ambazo mtoto amekwisha kupigwa.