Je, wajua jigi inaweza kuwa sahihi kuliko mashine iliyoitengeneza?

Jigi ni kifaa ambacho seremala hujitengenezea ili kuongoza msumeno au keekee, mbao ikatwe au itobolewe vilevile kila mara. Wengi huamini kwamba usahihi hurithiwa: msumeno uliokaa upande huzaa jigi iliyokaa upande, nayo jigi hiyo huzaa kabati lililokaa upande, kwa hiyo atakaye jigi sahihi hana budi kuanza na mashine ya gharama kubwa. Imani hii hudumu kwa sababu ina ukweli kiasi. Kiolezo kilichonakiliwa kutoka kiolezo kingine, nacho kutoka kingine, hakika hukusanya makosa. Lakini jigi nzuri hainakiliwi tu. Hupimwa, kisha hurekebishwa, na upimaji huo hauhitaji kifaa kilicho sahihi kuliko jigi yenyewe.

Kazi ya kwanza ya jigi si kuondoa kosa, bali kulifanya liwe lilelile kila mara. Saa inayotangulia dakika tano daima humfaa mwenyewe kuliko ile inayotangulia leo na kuchelewa kesho, maana ya kwanza hurekebishwa kwa hesabu ndogo, ilhali ya pili haina hesabu ya kuifaa. Kosa la mkono hubadilika kwa kila mkato. Kosa la jigi hutulia, na kosa lililotulia linaweza kukuzwa hadi lionekane.

Mfano mzuri ni sledi, yaani ubao unaoteleza juu ya meza ya msumeno, wenye kiegemeo kinachopaswa kuwa pembe mraba na diski ya msumeno. Seremala huchukua kipande cha plaiwudi, hukata upande mmoja, kisha hukizungusha ili upande uliokatwa sasa hivi uguse kiegemeo, hukata tena, na kuendelea hivyo hadi mkato wa tano, ambao hurudi kwenye upande wa kwanza na kuondoa ukanda mwembamba. Iwapo kila kona imezidi nyuzi 90 kwa kiasi kidogo tu, ziada hiyo imejumlishwa mara nne, kwa hiyo ukingo wa tano hauwi sambamba na ule wa kwanza, na ukanda hunenepa upande mmoja. Tuseme ukanda una urefu wa mm 400, na ncha zake zinatofautiana kwa mm 1 kwa upana. Ukigawa kwa 4, kosa halisi ni mm 0.25 katika kila mm 400, yaani takriban nyuzi 0.036, kiasi ambacho skwea (kipimo cha pembe mraba) ya kawaida ya karakana haiwezi kukionyesha kwa uhakika. Ncha iliyo nene huonyesha kiegemeo kisogezwe upande gani. Inashangaza kidogo kwamba kalipa ya kawaida (kifaa cha kupimia upana na unene) na kipande cha mbao vinatosha.

Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alieleza jambo la ukoo huohuo mwaka 1840: mabamba matatu ya chuma yakilinganishwa mawili mawili na kukwanguliwa kwa zamu, yote huwa bapa bila kuwapo bamba bapa la kuigwa.

Katika utoboaji, ujanja hugeuka. Jigi ya kutobolea matundu ya vijiti vya kuungia ikiwa imekwenda mm 1 nje ya katikati, mbao mbili bado zitakutana sawasawa endapo jigi iliegemezwa kwenye uso wa mbele wa kila moja, kwa kuwa kosa limejirudia pande zote mbili na kujifuta. Ukigeuza mbao moja, tofauti huwa mm 2.

Haya yote hutegemea kosa kutulia kweli. Reli za sledi zikilegea ndani ya mifereji ya meza, au kiegemeo chenyewe kikiwa kimepinda, kila mkato huwa na kosa lake, na kugawa kwa nne hakusaidii. Ni busara kurudia jaribio na kuona kama jibu linabaki lilelile. Mbao nzima isiyotiwa gundi kwa tabaka nayo hutanuka na kusinyaa kukatisha nyuzi zake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, ndiyo maana jigi nyingi hutengenezwa kwa plaiwudi au MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi.