Kwa nini vitabu vya Wimborne vimegeuzia watu kurasa

Katika maktaba ya kanisa la Wimborne Minster, Dorset, Uingereza, migongo ya vitabu imeelekea ukutani na kurasa ziko mbele. Sababu ni minyororo inayovifunga kwenye rafu visiibwe.

Mnyororo hushikizwa kwa kibanio cha chuma kwenye ukingo wa mbele wa jalada. Mgongo ni dhaifu, ungechanika. Ncha ya pili ina pete iliyovishwa kwenye fimbo ya chuma inayopita kando ya rafu. Ukivuta kitabu kinakuja moja kwa moja mpaka mezani, unakifungua. Mgongo ungekaa nje, ungelazimika kukigeuza kila mara, mnyororo ujisokote na kukwaruza ngozi ya kitabu cha jirani.

Kukitoa kabisa ni kazi. Fungua kufuli, chomoa fimbo, vua pete moja moja hadi ufikie unayoitaka, kisha rudisha zote kwa mpangilio uleule. Pete mbili zikibadilishana nafasi, minyororo inapishana na vitabu vyote viwili vinakwama. Andika mpangilio kabla hujagusa fimbo.

Mchungaji William Stone alitoa vitabu vyake, vingi vya teolojia, mwaka 1686. Minyororo ilikuja na wosia wa Roger Gillingham wa 1695: vitabu vingine takriban 90, kwa sharti kwamba vifungwe kwa minyororo na watu wa mji wavisome bure. Kwa maoni yangu watu huionea minyororo hii. Bila hiyo, vitabu vingefungiwa kabatini na ufunguo ukae kwa mchungaji. Grantham, mji mwingine wa Uingereza, walishaanza kufunga vitabu kwa minyororo ili watu wavisome 1598, katika chumba kilicho juu ya ukumbi wa mlango wa kusini wa kanisa.

Lakini chuma kina gharama. Uzito wake huvuta jalada hadi maungio yapasuke, na kutu huacha doa jeusi kwenye ngozi. Usipake mnyororo mafuta. Yatahamia kwenye kitabu.

Hatari kubwa zaidi ni hita ya kanisa inayowashwa Jumapili tu. Hewa hukauka kwa saa chache, kisha baridi na unyevu hurudi. Majalada hupinda, ngozi hupasuka. Afadhali joto dogo lisilokatika, unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 60. Ukipita 65 kwa muda mrefu, kuvu huota, hasa nyuma ya rafu zilizogusana na ukuta wa mawe. Acha upenyo hewa ipite. Kuvu ikishaota usifute kwa kitambaa kibichi: ikaushe kwanza, ndipo uipanguse kwa brashi laini kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana.